Mtindi wa Ndimu Ndani ya Sufuria ya Shaba

Msimu wa kukata miwa, Sonmati aliamka kabla ya jogoo. Zamu ilikuwa ya shamba lao. Wanaume kumi na wawili wa kundi la wakataji wangekata miwa ya mumewe, Bisnath, na mwenye shamba ndiye anayelisha kundi. Ndivyo ilivyo huku Labasa, visiwani Fiji, tangu mababu walioletwa kutoka India watoke kwenye mabanda ya vibarua wa mkataba. Kampuni ya sukari inataka miwa. Mkataji amekula au hajakula, hilo haliihusu.

Sonmati alipika wali, dengu na samaki wa kukaanga. Rojo lilikuwa tayari. Jana jioni alichanganya mtindi, maji ya ndimu, chumvi, kitunguu saumu na majani ya giligilani yaliyopondwa. Jua la shambani hukausha koo. Bila rojo lenye ukali, wali haushuki.

Rojo lililala ndani ya sufuria ya shaba. Sufuria ile ilikuja kwa meli kutoka Kalkuta, siku zile watu walipohesabiwa kama magunia. Aliyekuja nayo alikuwa mama mkwe wa Bibi Dulari, na Bibi Dulari ni mama yake Bisnath. Bibi aliisugua kila siku kwa majivu mpaka ikang'aa.

Sonmati alionja. Ulimi ulisikia ladha ya chuma, kama mtu aliyelamba sarafu. Pembeni rojo lilikuwa na ukijani.

"Ni giligilani," akajisemea.

Alimimina rojo kwenye ndoo ya kwenda shambani. Binti yake Sunila, wa miaka mitano, akaja na kipande cha chapati akaanza kufuta yaliyobaki.

"Mwache ale," alisema Bibi. "Sufuria ya wazee haimdhuru mtu."

Saa sita mchana, Gurdin, msimamizi wa kundi, alikuwa wa kwanza kutapika.

"Bisnath!" alipiga kelele huku amejishika tumbo. "Kama hutaki miwa yako ikatwe si useme tu! Shemeji katutilia nini?"

Wenzake wakacheka. Kisha wengine wanne wakainama kati ya miwa, na kicheko kikaisha.

Nyumbani, Sunila alikuwa akitapika tangu asubuhi. Sasa matapishi yalikuwa na rangi ya kijani. Mwili ulikuwa wa baridi. Bibi alikuwa akizungusha pilipili na chumvi juu ya kichwa cha mtoto.

"Ni jicho. Kuna mtu amemtazama mtoto."

"Mama, mtoto anakufa!" Sonmati alimnyakua Sunila, akakimbilia barabarani, akasimama mbele ya lori la miwa. Dereva alitaka kumtukana. Alipomwona mtoto akafungua mlango.

Hospitalini walimtundikia maji. Mhudumu mmoja aliuliza mtoto alikula nini. Sonmati akasema mtindi.

"Mtindi umeoza, mikono michafu," alisema yule mtu. "Nyinyi wanawake wa mashambani!"

Sonmati aliendelea kumpangusa mtoto uso. Maneno yale hayakuwa mapya. Zamani watoto wachanga walipokufa kwenye mabanda, wakubwa wa mashamba waliandika kwamba mama zao ni wazembe. Hawakuandika kwamba mama alikuwa kwenye miwa tangu alfajiri na mtoto wake amelala kwenye gunia. Karatasi zile zimechakaa, lakini maneno bado yanatembea midomoni mwa watu.

Siku mbili mtoto hakujua nani ni mama yake. Siku ya tatu alifumbua macho, akaomba maji.

Alasiri hiyo Bisnath alimpokea mkewe zamu hospitalini, na Sonmati akaja nyumbani kubadili nguo. Alimkuta Litia, nesi wa kituo cha afya, akimsubiri. Litia ni mtu wa kijiji cha ng'ambo ya mto, na hana haraka.

"Dada, sikuja kukulaumu," alisema. "Nieleze kila kitu, tangu maziwa."

Sonmati alieleza. Maziwa yalichemka. Mtindi uliganda vizuri kwenye gudulia.

"Huo wa kwenye gudulia, nani alikula?"

"Mimi," alisema Bibi. "Bila ndimu, maana inanichoma kifua. Sikuumwa."

"Na rojo lililala wapi?"

Sonmati alileta sufuria. Litia aliigeuza kwenye mwanga. Ndani palikuwa na shaba tupu.

"Bibi, mlipaka bati ndani mara ya mwisho lini?"

"Bati?" Bibi alifikiri. "Kulikuwa na fundi, Karim Baksh. Alipita na mkaa wake na mvukuto, akapaka vyombo vyote. Alikufa kabla ya Bisnath kuzaliwa. Hakuacha wa kumrithi."

"Bati ndilo lililowakinga. Bati limeisha, shaba imebaki wazi." Litia alikamulia ndimu kwenye kitambaa cheupe, akakitandika ndani ya sufuria. Walikunywa chai. Alipokiinua, kitambaa kilikuwa na madoa ya kijani.

"Ukali wa ndimu na mtindi unakula shaba," alisema. "Ndiyo ile ladha ya sarafu. Rojo likilala humu usiku mzima, ni sumu. Mtoto ni mdogo, tena alifuta chini kabisa."

Bibi Dulari aliweka kikombe chini.

"Na maziwa matupu? Ya mtoto mchanga?"

"Hayo ni mabaya zaidi, Bibi. Ukiyachemsha na kuyaweka humu siku hadi siku, shaba inajaa kwenye ini la mtoto. Tumbo linavimba. Macho yanakuwa manjano."

Bibi aliivuta sufuria kwake. Kuku walipita mlangoni.

"Ramdin," alisema mwishowe. "Na Shiu. Wanangu. Mmoja mwaka na nusu, mwingine hajafika miaka miwili. Matumbo kama ngoma. Maziwa yangu yalikauka, nikawapa ya ng'ombe. Humu." Aligusa sufuria. "Nikasema ni jicho la Jasodra, jirani. Nilimfukuza makaburini mbele ya watu wote. Mpaka amekufa sikumsalimia tena."

"Hukujua, Mama," alisema Sonmati.

"Sikuambiwa! Daktari alikuja, akawatazama, akasema nipeleke uchafu wangu nje. Hakuuliza habari ya chombo."

Jioni Litia alimwelekeza Sonmati. Chemsha maziwa. Yaache yapoe mpaka kidole kivumilie. Tia kijiko cha mtindi wa jana, funika, acha usiku kucha kwenye chombo cha kioo au cha chuma kisichoshika kutu. Asubuhi kwaruza ganda la ndimu, changanya na mtindi uliopoa, kisha kamulia maji yake. Ukitia ndimu kwenye maziwa ya moto yatakatika. Ongeza chumvi na bizari iliyokaangwa. Funika. Rojo liliwe siku hiyohiyo.

Sunila alirudi baada ya wiki, amebaki mifupa. Kundi nalo lilirudi kumalizia miwa. Sonmati alibeba rojo kwenye chupa ya kioo mwenyewe.

"Shemeji, anza wewe," alisema Gurdin.

Sonmati alikula vijiko vitatu mbele yao wote.

"Basi nisamehe," Gurdin alinong'ona. "Nilikusema vibaya."

"Ulinisema kwa kelele. Niombe radhi kwa kelele."

Gurdin akasimama, akapaza sauti. Hakuna aliyecheka.

Siku iliyofuata Bibi Dulari alivaa sari yake nyeupe, akaifunga sufuria kwenye kitambaa.

"Nifuate," alimwambia Sonmati.

Walikwenda kwenye nyumba iliyokuwa ya Jasodra. Sasa wanaishi humo mjukuu wake na mkewe, Bindra, mwenye mtoto wa miezi minane. Bindra alisimama mlangoni, hakuwakaribisha. Alijua habari ya makaburini. Nyuma yake, mekoni, kulikuwa na sufuria ya shaba yenye maziwa.

"Sikuja kwa ugomvi, mwanangu," alisema Bibi. Alifungua kitambaa, akainamisha sufuria yake ili ndani paonekane. "Bati la ndani liliisha, shaba ikatia sumu maziwa, nikazika wanangu wawili. Nikamsingizia bibi yenu. Yeye siwezi kumwomba radhi tena. Nakuomba wewe. Yako ndani ikoje?"

Bindra alimtazama. Akamtazama mtoto mgongoni mwake. Kisha aliingia jikoni, akaichukua sufuria kwa mikono miwili, akatoka nayo uani na kumwaga maziwa yote chini.