"Ni Kahawa Tu, Bibi?"

PAAA!!!

Jiwe lilitua juu ya bati nikiwa namenya ndizi.

La pili... PAAA!!!

"Toka nje, mwizi wa medali!"

"Mwambieni akimbie sasa tumwone!"

Wakacheka. Pikipiki ikanguruma, wakashika barabara ya Muleba.

Saa nane mchana, wapendwa wangu. Mchana kweupe! Na sauti ya mmoja wao niliitambua. Mtoto yule nilimpakata siku anabatizwa.

Mjukuu wangu Kokwijuka alikuwa amekaa mkekani, mgongo ukutani. Hakushtuka. Hakulia. Alikuwa anafunga kamba za viatu vyake vya mbio, anafungua, anafunga tena, anafungua...

Na mimi bibi yake nilikuwa nimebeba jambo moyoni ambalo wale vijana wangelijua, yale mawe yasingeishia kwenye bati.

Kitendawili!

(Semeni "tega", hata wewe uliye ofisini. Bosi hasikii.)

Nilitoa kwa mkono mmoja, akapokea kwa mikono miwili, tukaanguka wote wawili.

Mmeshindwa? Mji wenu sitaki. Kaeni niwasimulie.

Mimi ni Ma Annastella wa Izigo. Shule niliishia darasa la saba, na simu hii naiandikia kwa kidole kimoja, hivyo mkiona kosa mnivumilie.

Koku nilimlea tangu ana miaka miwili, mama yake alipofariki. Alijifunza kukimbia humu humu kwenye kibanja changu, katikati ya migomba. Kila alfajiri namsikia... tap, tap, tap... namwambia Mungu, asante, mtoto yu mzima.

Mwezi wa tano alishinda mbio kubwa za kimataifa. Redio ikataja Izigo! Onesphory wa dukani akabandika picha yake juu ya rafu ya chumvi. Wanaume ambao hawajawahi kunisalimia wakawa wanashuka kwenye baiskeli.

"Shikamoo, bibi wa taifa!"

"Marahaba, wajukuu wa taifa!"

Wiki sita. Furaha yangu ilidumu wiki sita tu.

Ikaja barua. Mkojo wake umekutwa na dawa iliyokatazwa. Amesimamishwa. Aeleze iliingiaje mwilini, mwisho Ijumaa ya tarehe fulani, la sivyo afungiwe miaka minne.

Miaka minne kwa mkimbiaji, jamani... ni sawa na kumfunga ng'ombe kamba shingoni na kumwonyesha majani kwa mbali.

Koku akawajibu neno moja. "Sijui."

Basi watu wakapata la kusema!

Onesphory hakuichana ile picha. Aliigeuza, nyuma yake akaandika MAFUTA YA TAA YAPO. Kila nikienda kununua chumvi, naona kivuli cha uso wa mtoto wangu kwa nyuma ya maandishi.

Bodaboda akipita kasi: "Oyaa! Umekunywa ya Koku?"

Kuku wa jirani akitaga mayai mfululizo: "Huyo kala ya Koku!"

Huku Facebook mmoja aliandika: "Wahaya kwa sifa! Sasa mpaka mkojo unajisifu." Watu elfu na zaidi wakaweka vicheko. Labda na wewe unayesoma hapa uliweka. Sikulaumu.

Kanisani dada mmoja wa kwaya alisogeza kitenge chake kisigusane na cha Koku. Kidogo tu. Lakini Koku aliona, na mimi nikaona kwamba ameona.

Siku ile ile akaacha kukimbia.

Na hapo ndipo jambo la kunitesa lilipoanza. Kila alfajiri bado nasikia... tap, tap, tap... kwenye migomba. Nafungua mlango. Hakuna mtu. Majani ya migomba hayatikisiki. Nageuka ndani, Koku yuko mkekani, macho wazi, viatu mapajani.

Aliyebaki upande wetu ni Mwajuma tu, rafiki yangu anayeuza dagaa soko la Bukoba. Alipokuja kutuona akaniangalia sana.

"Ma Annastella, mbona mashavu yamejaa hivyo? Watu wana msiba, wewe unanenepa!"

"Nimenawiri, mwenzangu. Ni ile dawa ya magoti ya gulioni. Napanda kilima cha kanisa bila fimbo!"

Hakucheka. "Miguu myembamba, uso kama ungo. Huko siyo kunawiri. Twende kwa nesi."

Tukaenda Bukoba. Nesi akabonyeza shavu langu, akauliza ninatumia nini. Nikamtolea kile kichupa cha unga wa mizizi.

"Bibi, hawa wauzaji wengine wanasaga vidonge vya hospitali wanachanganya humu. Ndiyo maana maumivu yanakimbia haraka. Na uso unavimba hivi."

"Vidonge gani, mwanangu?"

Akaniandikia kwenye karatasi.

Sasa sikilizeni. Siku barua ya Koku ilipofika, nililinakili jina la ile dawa nyuma ya kitabu changu cha nyimbo, ili nikisali nimtajie Mungu adui kwa jina lake. Kitabu nilikuwa nacho mkobani.

Nikakifungua. Nikaweka karatasi ya nesi pembeni. Nikafuata herufi kwa kidole, moja moja...

Prednisolone.

Prednisolone.

Wapendwa, adui niliyekuwa namwombea mabaya kila jioni alikuwa ni mimi!

Kwa sababu mwezi wa tano Koku alikuja kuniaga goti likimuuma. Nikamwambia atumie unga wangu.

"Bibi, tumekatazwa. Hata dawa ya kichwa namuuliza daktari wa timu kwanza."

Nikaudhika. Daktari wa timu amezaa nani? Nikachukua kahawa ya kutafuna, ile tunayochemsha na kuanika, nikailoweka kwenye maji ya dawa yangu, nikaianika tena. Nikaifunga kwenye jani kavu la mgomba.

Asiye wa huku aelewe. Kwetu kahawa ya kutafuna ni heshima na ni baraka. Anayetoa hutafuna moja kwanza mbele ya macho yako, maana yake "sina ubaya na wewe". Ndipo anakupa, nawe unapokea kwa mikono miwili. Kuikataa kahawa ya bibi yako siku unasafiri... nani anathubutu?

Asubuhi ile nilikuwa nimeshameza kijiko changu, na muuzaji alinionya nisizidishe. Kwa hiyo sikutafuna. Nilimpa hivi hivi.

Akaishika. Akaniangalia.

"Ni kahawa tu, Bibi?"

"Ni kahawa tu, mwanangu. Utafune siku ya mbio."

Akanibusu mkono.

Sauti hiyo ndiyo iliyonifuata kutoka kwa nesi mpaka nyumbani. Kwenye gari, ni kahawa tu, Bibi? Kwenye jiko, ni kahawa tu, Bibi? Nikakaa nayo siku nne nzima, mdomo umefungwa. Niliogopa, niseme ukweli. Niliogopa kuitwa mlozi. Kikongwe aliyemlisha mjukuu wake sumu... mnajua wenyewe watu wanavyofanya.

Mpaka siku ya mawe. Ilikuwa Alhamisi. Kesho yake ndiyo Ijumaa ya mwisho.

Nikaacha ndizi. Nikapiga magoti mbele ya mtoto niliyemlea.

"Koku... ni mimi. Ile kahawa. Ni mimi, mwanangu!"

Akaacha kamba za viatu.

Halafu akavuta begi lake, akaingiza mkono chini kabisa, akatoa kitu.

Jani kavu la mgomba! Ndani yake kahawa tano zilizobaki!

"Najua, Bibi."

"Unajua?!"

"Tangu siku ya barua. Miaka yote unatafuna kwanza ndipo unanipa. Siku ile hukutafuna. Niliona. Nikasema moyoni, bibi amezeeka, amesahau."

Nikalishika lile jani.

"Sasa kwa nini hukuwapelekea? Kwa nini ulisema hujui?"

"Ningesema nini? Kwamba ni mkono wa bibi yangu? Wanaponirushia mimi mawe, nina miguu. Wewe na magoti hayo ungekimbilia wapi?"

Nililia kama mtoto mdogo. Waitu! Mtoto aliacha jina lake lipondwe njia nzima kutoka Izigo mpaka Bukoba, ili mimi niendelee kuitwa Ma Annastella.

"Usiseme, Bibi," akanishika mikono. "Ni miaka minne tu."

Sikumtii. Ijumaa asubuhi tulikuwa Bukoba, Mwajuma katikati yetu. Nesi akaandika maelezo yake, mimi nikaandika yangu nikatia sahihi. Kahawa tano na kichupa cha unga vikatumwa pamoja na barua. Majibu bado. Wanasema wanaweza kupunguza adhabu, wanaweza wasipunguze. Mbio zile amezipoteza vyovyote vile, maana dawa ilikuwamo mwilini, hata kama hakujua.

Basi wenye mawe, bati la Izigo mnalijua. Yaleteni kwangu. Na Onesphory, baba, geuza hiyo picha.

Na ninyi mabibi wenzangu: mtoto akikuambia amekatazwa kitu, usimzidi ujanja kwa sababu unampenda. Dawa ya kufichwa haina upendo ndani yake. Na ninyi mnaocheka watu mtandaoni, mjue mwenye kosa wakati mwingine amekaa jikoni anamenya ndizi, anawasikiliza.

Kitendawili changu mmeshakijibu.

Leo asubuhi nilimpikia uji. Nikanywa funda moja kwanza mbele yake, ndipo nikampa kikombe. Akapokea kwa mikono miwili kama zamani, akasema asante.

Hakuuliza ni uji tu.

Lakini kabla hajanywa, wapendwa... aliliangalia koo langu mpaka nikameza.