Skrini ya Suud

Sahibu yangu Suud, wa Mji Mkongwe, hakuna asichokibeza. Skrini ya kompyuta yake aliiona imefifia kama jicho la mgonjwa, basi akaifunika taulo bichi ili gundi ilainike, kisha akaanza kuubandua utando unaozuia mwanga usirudi.

"Huo umewekwa makusudi," alisema mkewe, Hamda.

"Unajua nini wewe? Kapike!"

Utando ukachanika taratibu, krrr, kama ngozi. Ulipokwisha kutoka, umeme ukakatika. Suud akawasha tochi ya simu. Kioo cha skrini, sasa kinang'aa kama cha kujitazamia, kikamwonyesha ukuta wa nyuma yake, palipokuwa na mlango ambao babu yake aliuziba kwa mawe. Kiooni mlango ule u wazi.

"Upuuzi," akafyonya, akageuka. Mawe matupu. Lakini akasikia komeo likiburuzwa.

Akatazama tena kiooni. Mlango ulikuwa umeshafungwa, na komeo limetiwa kwa upande wa ndani, chumbani alimo yeye.