Redio Iliyosingiziwa

Kila Jumamosi asubuhi, akishamaliza kufagia uani na kuosha vyombo, Chiriku alikuwa na ruhusa ya kuingia karakana ya shangazi yake. Jina hilo alipewa na watu wa mtaani kwa sababu ya mdomo wake. Alianza kuongea akiamka na kunyamaza akilala, na baba yake alisema hata huko usingizini hakuwa na uhakika.

Karakana ilikuwa chumba cha mwisho upande wa nyuma ya nyumba. Palikuwa na meza ndefu, taa ya kuinamisha, vikopo vya skrubu na harufu ya waya wa kulehemu. Shangazi alikuwa fundi wa redio. Si zile za kusikilizia muziki na taarifa ya habari, bali redio za mkononi za mawasiliano, kama wanazobeba askari na walinzi. Unabonyeza kitufe, unasema, unamalizia na neno "ova" ili mwenzako ajue ni zamu yake. Unaachia kitufe, unasikiliza.

Mwaka huo shangazi alikuwa akibuni redio ya namna mpya. Mtu alipobonyeza kitufe, redio ilituma sauti yake pamoja na mahali aliposimama. Kwenye kompyuta ya shangazi kulikuwa na ramani ya mji na vijiji vya jirani, na juu ya ramani hiyo palichomoza nukta nyekundu: mwenye redio yuko hapa.

"Kule nyuma ya kilima simu hazishiki," shangazi alipenda kueleza. "Mgonjwa akizidiwa, hata mwenye redio hushikwa na hofu, akasahau jina la njia. Mwaka jana dereva wa zahanati alizunguka asubuhi nzima akitafuta nyumba yenye mti mkubwa. Kule kila nyumba ina mti mkubwa!"

Chiriku alicheka kila aliposikia habari hiyo, mpaka siku shangazi alipoimalizia. Gari lilipofika, mama mgonjwa alikuwa hajitambui tena. Alipona, lakini kwa bahati tu.

Jumamosi hiyo shangazi hakutulia. Kesho yake dereva na daktari wa zahanati wangekuja kuiona redio. Wakiridhika, kila mhudumu wa afya wa nyuma ya kilima angepewa moja.

"Limebaki jambo moja," shangazi alimwambia Chiriku akimkabidhi redio. "Nukta tumeshazipima wiki iliyopita, ziko sawa. Leo nataka sauti. Vuka kilima, uende mpaka kwenye tangi la maji, uniite kutoka hapo. Nijue kama sauti inavuka au haivuki. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, shangazi. Nitaongea mpaka uchoke."

"Hilo sina shaka nalo."

Njia ya kilimani ilipita kando ya uwanja wa mpira. Watoto wa mtaa wa juu na wa mtaa wa chini walikuwa wameshajipanga. Rafiki yake, aliyeitwa Kifutio kwa kuwa kila akiandika mstari mmoja hufuta miwili, alimkimbilia huku akitweta.

"Chiriku! Golikipa wetu anaumwa jino. Njoo utuokoe!"

"Nimetumwa. Naenda kwenye tangi."

"Kufanya nini?"

"Kuongea kwenye redio."

Kifutio alicheka. "Uvuke kilima chote na jua hili ili ukaongee? Si uongee hapahapa? Sema uko kwenye tangi. Redio ina masikio tu, haina macho."

Chiriku alijua kwamba redio hiyo ilikuwa na macho. Lakini alikumbuka maneno ya shangazi: leo ni sauti tu. Akaona nukta hazitatazamwa. Alikitazama kilima, kirefu na kikavu, kisha akautazama uwanja. Wenzake wa mtaa wa juu walikuwa wakimwita kwa kumshangilia kama vile wameshashinda. Miguu yake ikaamua kabla ya kichwa.

Alienda nyuma ya goli, akabonyeza kitufe. "Shangazi, Chiriku hapa. Nimefika kwenye tangi, ova."

Aliachia kitufe. Kisha sauti ya shangazi ikaja, taratibu. "Nakupata vizuri sana. Umesema uko wapi? Ova."

"Kwenye tangi. Naliona hapa mbele yangu. Ova."

Kifutio aliziba mdomo kwa viganja viwili asicheke. Chiriku alizima redio, akaingia golini, akacheza mchezo wake bora kuliko yote. Mtaa wa juu walishinda. Alipanguza vumbi magotini, akarudi nyumbani akiimba.

Shangazi alikuwa amesimama mbele ya kompyuta, mikono kiunoni. Hakugeuka.

"Njoo uone, mwanangu."

Nukta nyekundu ilikuwa juu ya ramani, wazi kama damu kwenye shati jeupe. Haikuwa kwenye tangi. Ilikuwa uwanjani, upande uleule wa goli. Chiriku alihisi masikio yakipata moto.

"Ulikuwa kwenye tangi?" shangazi aliuliza.

Lilikuwa swali jepesi, na kulijibu kwa kweli kungemgharimu karipio na pengine kuoshea familia nzima vyombo mwezi mzima. Lakini ulimi, uliokuwa hodari kwa kila jambo, ukateleza palepale ulipoteleza mwanzo.

"Ndiyo, shangazi."

Shangazi hakuuliza mara ya pili. Alivuta pumzi ndefu. "Basi mashine imekosea," alisema, na uso ukamshuka.

Chiriku alikuwa amejiandaa kwa maswali. Kwa kuaminiwa hakuwa amejiandaa.

Chakula cha mchana kilipoa mezani. Shangazi alifungua redio, akatoa skrubu moja baada ya nyingine, akapima waya kwa waya. "Nishikie tochi, mwanangu. Hapo. Usitikise." Chiriku alishika tochi. Mwanga ulianza kucheza juu ya vipande vidogo vya kijani, kwa sababu mkono ulikuwa ukitetemeka.

"Mkono umechoka?" shangazi aliuliza bila kuinua kichwa. "Pole. Umetembea sana leo."

Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa akimmulikia shangazi atafute kosa ndani ya redio, na kosa lilikuwa limesimama hapo limeshika tochi.

Jioni dereva wa zahanati alipita, mtu mnene mwenye kicheko cha kutikisa milango. "Hodi! Fundi, kesho tuje saa ngapi?"

"Msije," shangazi alijibu. "Redio ina hitilafu, na sijaiona iko wapi. Imemweka mtoto uwanjani wakati alikuwa kwenye tangi. Siwezi kukupa kitu kitakachokupeleka kusiko na mgonjwa."

Dereva alimtazama Chiriku. "Si huyu ndiye aliyekosea njia?"

"Huyu?" Shangazi alicheka kidogo, kicheko cha uchovu. "Huyu ana maneno mengi, lakini hana maneno ya uongo. Kama angekuwa mtu mwingine, ningeiamini mashine."

"Haya. Tutaendelea kutafuta mti mkubwa," dereva alisema, na safari hii hakucheka. Kabla ya kuondoka alimpigapiga Chiriku begani. "Hongera, mwanangu. Si wengi wanaosifiwa hivyo."

Sifa ile ilimchoma kuliko fimbo. Wakati wa kula baba alimtania, "Leo chiriku amenyamaza! Toeni nguo kambani, mvua inakuja." Watu wakacheka. Yeye akasukuma sahani, akasema ameshiba.

Asubuhi alimkuta shangazi akiifunga redio. "Nimeifungua yote, nimeirudishia yote. Sijaona kitu."

"Shangazi, naomba niende nayo tena. Na usizime kompyuta."

"Ya nini tena? Haya, ichukue, sasa ni ya kuchezea tu."

Neno hilo la kuchezea alilibeba mpaka kilimani. Alipita uwanjani bila kugeuza shingo. Alipanda, akateremka upande wa pili, jasho likimwingia machoni, mpaka akafika kwenye tangi: tangi la saruji lenye ngazi ya chuma iliyoshika kutu. Jana alisema analiona mbele yake, na kumbe hakujua hata lina ngazi.

Alibonyeza kitufe. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, na kwenye redio yalikuwa rahisi, kwa kuwa hakuna macho ya kumtazama.

"Shangazi, Chiriku hapa. Jana nilikudanganya. Sikufika kwenye tangi, nilicheza mpira. Redio ilisema kweli, mimi ndiye niliyesema uongo. Naomba unisamehe. Ova."

Aliachia kitufe. Redio ikakoroma: shshshsh. Alirudia kwa sauti kubwa zaidi. Shshshsh. Alipanda ngazi vidato viwili, akarudia mara ya tatu, machozi yakimtoka. Kilima kilikaa kati yao kama mlango uliofungwa. Toba yake yote ilikuwa imeishia kwenye mawe.

Ilimbidi airudishe nyumbani kwa miguu.

Shangazi alikuwa mlangoni, macho yanang'aa. "Chiriku! Nukta imefika kwenye tangi hasa! Leo imesema kweli! Ila sauti sikuipata, mkoromo mtupu. Ulikuwa unasema nini?"

Hapo ndipo Chiriku alipoona mlango mwingine wa kutokea umefunguliwa mbele yake. Angesema tu, "Nilikuwa naimba." Redio ingeonekana imepona yenyewe. Shangazi alikuwa na furaha, na hakuna ambaye angejua, hata Kifutio. Alifungua mdomo. Akaikumbuka tochi ikitetemeka.

"Nilikuwa nasema kwamba jana sikufika kwenye tangi," alisema akitazama vidole vya miguu yake. "Nilikuwa uwanjani. Nilicheza mpira. Redio haikukosea, shangazi. Nimeisingizia."

Furaha ilitoka usoni mwa shangazi kidogokidogo, kama maji yanavyonywewa na mchanga. Aliketi kwenye kiti cha karakana, akavua miwani.

"Kwa hiyo sauti niliyoisikia jana ilitoka uwanjani."

"Ndiyo."

"Haikuvuka kilima."

"Haikuvuka."

"Na mimi nilishaandika kichwani kwamba sauti inavuka!" Shangazi alisimama, akaketi tena. "Unajua ningefanya nini? Ningetupa kilicho kizima na kukiacha kibovu. Mhudumu angeita kule nyuma, asisikike, na mimi niko hapa natengeneza nukta ambayo haina ugonjwa." Kisha akasema polepole, "Na ulinishikia tochi, Chiriku."

Chiriku alilia. Hakulia kwa kuogopa adhabu. Adhabu angeipokea kwa mikono miwili. Alilia kwa sababu sentensi hiyo ilikuwa kweli na hakuna neno la kuifuta.

Shangazi alimwacha alie. Kisha akasema, "Nawa uso. Twende zahanati. Jana nilikusifia mbele ya mtu. Siwezi kumwachia sifa isiyo ya kweli, na si mimi nitakayeiondoa."

Dereva walimkuta akiosha gari la wagonjwa. "Shikamoo, mjomba," Chiriku alisema, na baada ya marahaba akayasema yote tena, mara hii mbele ya macho mawili yaliyomtazama bila kupepesa. Dereva alikamua kitambaa mpaka kikaisha maji.

"Jana nilimsimulia mke wangu habari zako," alisema hatimaye. "Leo itabidi nimsimulie upya." Kisha akamgeukia shangazi. "Basi fundi, redio ni nzima?"

"Nukta inavuka, kwa sababu redio huirudia kimyakimya mpaka ifike. Sauti ndiyo inayokwama. Tukisimamisha antena kileleni, ipokee sauti na kuirusha upande huu, itavuka pia."

"Nina kamba na nina mabega. Nguzo atabeba golikipa."

Wiki nzima, kila baada ya masomo, golikipa alibeba. Alibeba kokoto, alibeba maji ya kuchanganyia saruji, na hakusema sana. Kifutio alipomwona akipita na ndoo aliuliza, "Kuna nini huko juu?" Chiriku akamjibu, "Njoo ubebe, nitakueleza." Kifutio akaja, akaelezwa, na aliposhuka hakuwa akicheka.

Jumamosi antena ilisimama. Shangazi alimtuma Chiriku kwenye tangi, lakini safari hii dereva alifuatana naye. Hakuna aliyesema kwa nini, ila Chiriku alijua. Neno lake peke yake lilikuwa halitoshi tena, na hilo lilikuwa zito kuliko ndoo yoyote. Kutoka kwenye tangi aliita, na sauti ya shangazi ikajibu safi, kana kwamba yuko nyuma ya ngazi. Jioni hiyo daktari alikubali redio zitumike.

Wageni walipoondoka, Chiriku alibaki akipanga skrubu kwenye vikopo.

"Shangazi, bado umenikasirikia?"

"Hasira iliisha siku ileile. Imani ndiyo inayochelewa kurudi, kwa sababu inarudi kwa miguu." Shangazi alisogeza kiti, wakatazamana. "Sikiliza, mwanangu. Redio ikiwa na hitilafu naweza kuifungua nitazame ndani. Mtu siwezi kumfungua. Kwa mtu nina neno lake tu. Ndiyo maana anayekuamini ukimpa neno bovu, atakwenda kuharibu kilicho kizuri akidhani anatengeneza, na watakaoumia hata huwajui majina. Kosa lako la uwanjani lilikuwa la kitoto. Kosa la kuniacha nikihangaika wakati kweli unaijua, hilo lilikuwa kubwa. Lakini Jumapili ungeweza kunyamaza, na hukunyamaza. Nimeliona hilo."

Chiriku aliinamisha kichwa, na aibu ilikuwa bado imo, lakini sasa aliweza kukaa nayo chumba kimoja.

"Jumamosi ijayo kuna kijiji cha pili cha kupima, mbali kuliko tangi," shangazi alisema akirudisha miwani machoni. "Ijumaa ulale mapema."

"Nitakwenda na mjomba dereva?"

Shangazi aliwasha taa ya mezani, akavuta kipande kingine cha kazi.

"Dereva ana kazi zake. Utakwenda peke yako."