Aproni ya Bi Dagny

Jumamosi moja ya Juni dada yangu Solvej aliniita nikamsaidie kupalilia. Hapo hakuna cha ajabu. Hapa kisiwani Fyn kila mwenye bustani mwezi huo mgongo unamuuma, na mimi Gerda ndiye mdogo wake, kwa hiyo nilibeba kijembe changu na chupa ya kahawa nikaenda.

Gugu lenyewe lilikuwa lile la majani matatu matatu, lenye mizizi myeupe, mirefu kama tambi. Ukiacha kipande kimoja ardhini, wiki ijayo linakucheka. Solvej alikuwa ameling'oa mara nne tangu Aprili, na mara nne lilirudi. Kila liliporudi, mumewe, Asger, alizidi kudhoofika. Shemeji yangu aliyekuwa akibeba magunia ya viazi mawili mawili sasa alilala mchana kutwa, na madaktari hawakuona kitu.

"Linatoka kwa yule," Solvej alininong'oneza, akiuonyesha kwa kidevu ua wa miti uliomtenga na jirani yake, Bi Dagny. "Huyo bibi ananimalizia mume."

"Acha zako! Bibi wa watu ana miaka themanini na moja."

"Na bustani yake haina gugu hata moja. Umewahi kumwona ameshika jembe?"

Nilichungulia. Kweli, hata moja. Na Bi Dagny alikuwa amesimama palepale nyuma ya majani, karibu kabisa na uso wangu.

"Kateni tu, wanangu," alisema. "Msing'oe. Ukilivuta, na lenyewe linavuta."

Solvej alimsubiri aingie ndani, kisha akang'oa kwa hasira mpaka toroli likajaa.

Mwaka huo zamu ya kutengeneza mchawi ilikuwa ya mtaa wetu. Kila tarehe ishirini na tatu Juni tunawasha moto ufukweni, na juu yake tunaweka mchawi wa nguo kuukuu, aungue apae zake mpaka mlimani kwao Ujerumani, kama hadithi za kale zisemavyo. Ni mchezo tu. Tumboni tunamtia fataki ili apige kelele, watoto wacheke. Solvej akaamua kumjaza lile gugu, alilokuwa amelianika juani siku kadhaa.

"Na nguo?" niliuliza.

Alinionyesha. Aproni ya buluu ya Bi Dagny ilikuwa imeanikwa juu ya ua, inaning'inia upande wetu.

"Dada, hiyo si yako."

"Mume ni wangu," alisema, akaichukua.

Ningeweza kumzuia. Sikumzuia, na naona aibu mpaka leo. Nilimfunga mchawi aproni ile kwa mikono yangu, nikaibana kifuani kwa pini nne zenye vichwa vyeupe kutoka kwenye kikapu changu cha kushonea.

Moto ulipowashwa, jua lilikuwa bado juu ya maji. Tukaimba. Ndimi zikapanda, zikafika kwenye aproni.

Mchawi akapiga ukelele.

Watu walishangilia. Mimi nilitia mkono mkobani. Fataki zote zilikuwa humo. Nilikuwa nimesahau kuziweka.

Na sauti ile ilikuwa ya mwanamume.

"Mmeichoma aproni?" Bi Dagny alikuwa kando yetu. Aliuliza polepole. "Mbona hiyo ndiyo aliyokuwa akiivaa Asger?"

"Asger hajakanyaga kwako," Solvej alisema.

"Alikuja kila ulipokuwa kazini, mwanangu. Unadhani nani alikuwa akinipalilia? Kamba zake nilimfunga mimi mwenyewe kiunoni."

Tulikimbia.

Nyumba ilinuka moshi. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Asger alikuwa kitandani, amefumba macho, mwili bado una joto. Hapumui. Hakuungua popote. Kiunoni tu palikuwa na mstari mwekundu, mwembamba, umemzunguka. Mgongoni ulikuwa na alama ya fundo.

Daktari aliandika kwamba ni moyo.

Solvej hakutaka kuhama. Aliapa hatapalilia tena, na gugu likafika magotini, kwake na kwa Bi Dagny pia. Lile la kwa Bi Dagny lilinipa faraja. Nilijiambia: basi, yule bibi alikuwa akisaidiwa tu, hana lolote.

Wiki iliyopita, mwaka ukikaribia kutimia, nilipita kumwona dada. Saa sita mchana alikuwa amelala.

"Nachoka siku hizi, Gerda. Sijui kwa nini."

Nilimtazama mikono. Kucha zilikuwa na udongo.

"Unampalilia yule bibi?"

"Mimi?" Alinikodolea macho. "Hata kumtazama siwezi!"

Nilimwamini. Dada yangu hajui kudanganya. Nikatoka nje, nikasogea kwenye ua, nikachungulia ng'ambo. Udongo mtupu, mweusi, umelainishwa kwa reki. Hakuna gugu hata moja.

Juu ya ua, upande wetu, palikuwa na aproni ya buluu, mbichi bado kwa maji. Kifuani ilikuwa na pini nne. Vichwa vyeupe.

Kamba zake zilikuwa zimefungwa fundo tayari. Nilipima kitanzi kile kwa mikono miwili, nikarudi ndani nikamkumbatia dada yangu kiunoni. Vipimo vililingana.