Ndimu si Sombe

Kila Jumamosi asubuhi Laetitia huosha vyombo, hufagia, kisha hutwanga majani ya muhogo ya kupikia sombe. Yeye na familia yake wanaishi ghorofani, mtaa wa Albert Park, na jirani wa chini ameshazoea kishindo cha mchi wake.

Jumamosi hii alitwanga ndimu.

Alikuwa ameona kwenye simu mama mmoja wa Kivietinamu akiuza kinywaji barabarani: ndimu zilizopondwa na sukari, chai ya rangi iliyopoa, barafu. Akawatangazia wenzake wa kwaya kwamba leo baada ya mazoezi kanisani hawatakunywa soda, watakunywa ya kwake.

"Utatuletea dawa ya minyoo," Papy, mmoja wao, alimcheka.

"Subiri uone."

Basi akakata ndimu na maganda yake, akatwanga mpaka zikalainika kabisa, mbegu na yote. Akachanganya, akaonja. Mdomo ukamkunjika. Chungu kama kwinini.

Kaka yake Doudou naye akaonja, akacheka mpaka akakaa chini. "Eish. Iko soda ya limau kwenye friji. Mimina humo, tia barafu, sema umetengeneza wewe. Nani atajua?"

"Mimi."

"Papy atakucheka mbele ya kwaya nzima."

"Acheke. Sidanganyi watu kwa ajili ya Papy."

Akamwaga yote. Ndimu zilibaki chache. Mama yao, Henriette, akaingia kutoka saluni, akachungulia kinu.

"Umetwanga mpaka wapi?"

"Mpaka zikalainika, maman. Ulivyonifundisha."

"Nilikufundisha sombe. Sombe tunaitwanga mpaka mwisho, halafu inakaa motoni mpaka uchungu uishe. Hii utaipika?"

Laetitia aliosha kinu, akakata ndimu upya, akatoa mbegu, akaponda kidogo tu. Harufu ya ganda ilipopanda akaacha, ingawa mkono ulitaka kuendelea.

Kanisani Papy alikunywa yote. Kisha akanyoosha kikombe tena.

"Dawa ya minyoo hainywewi mara mbili," Laetitia alimwambia.

"Tia tu, dada."

Wakati wa kurudi, Mama Henriette, aliyekuwa amekuja naye, alibeba ndoo tupu ya kinywaji. "Bidii si kupiga mchi tu, mwanangu. Ni kuangalia unachokipiga. Na Doudou kaniambia ya soda: ungewapa ile, wangesifu kiwanda. Leo wamesifu mkono wako."

"Jumamosi ijayo natengeneza tena," alisema Laetitia. "Barafu ataleta Papy."