Chaki Iliyokula Kura Yangu

Sisi ni mafundi cherehani. Chumba chetu kina vyerehani vitatu, meza ya kukatia na dirisha la barabarani. Kila siku kazi yangu huanza na chaki. Kipande kizuri cha kitambaa nakiwekea vema, kama ile ya mwalimu. Kipande chenye kasoro nakipiga kosa, yaani X kubwa, asije mtu akakishona. Nimefanya hivyo miaka kumi na tisa. Mkono umezoea, haungoji kuambiwa.

Mwaka ule nchi ilikuwa inachemka. Viwanda viwili vilifungwa. Watu waliandamana mpaka soli za viatu zikaisha. Na uchaguzi wa rais ulikuwa mlangoni! Wagombea walikuwa watatu, lakini ugomvi ulikuwa juu ya wawili. Mmoja tulimwita Kofia, mwingine Miwani.

Mume wangu alikuwa wa Kofia. Mdogo wake, yaani shemeji yangu, alikuwa wa Miwani. Walishona mgongo kwa mgongo, na wiki ya tatu ilikwisha hawasemeshani. Mmoja akitaka mkasi, hunituma mimi.

"Shem, mwambie huyo mtu wa Kofia alete mkasi."

"Mama watoto, mwambie huyo wa Miwani mkasi uko mbele ya pua yake. Avae miwani aone!"

Mimi mgombea wangu nilimjua mwenyewe, sikumwambia mtu. Nilicheka nao, lakini moyoni niliogopa. Ndugu wa tumbo moja, jamani!

Aliyekuwa na furaha tupu ni binti yangu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupiga kura. Gauni alikwishalipiga pasi.

"Mama, zimebaki siku nne!"

"Njoo basi nikufundishe, usije ukaniaibisha."

Nilitandaza karatasi ya kukatia mezani. Nikachora visanduku vitatu kwa chaki.

"Unayemtaka, vema. Usiowataka, kosa. Kosa kubwa, walione!"

"Kama vitambaa?"

"Kama vitambaa. Mara iliyopita niliwapiga kosa wawili, nusura karatasi itoboke."

Shemeji akapiga makofi. "Safi sana, shem! Mimi Kofia nampiga kosa mara mbili."

Mume wangu akauambia ukuta, "Na Miwani nampiga mara tatu."

Lilikuwa jambo la kwanza kukubaliana kwa wiki tatu.

Mlangoni alikuwa amesimama jirani yetu. Tunamwita Karani, maana amekuwa karani wa uchaguzi mara mbili. Alileta kizibao chake cha kazi kipunguzwe kiunoni. Sisi tulicheka, yeye hakucheka.

"Mama, hii ingekuwa karatasi ya kura, ningeiweka fungu la nani?"

"La huyu mwenye vema, dada. Si unaona?"

"Hapana. Ina alama tatu. Sisi tunaohesabu hatujui mambo yako ya chaki. Kwetu alama ni alama. Umewawekea watu watatu, umemchagua yupi? Haturuhusiwi kukisia. Hii inakwenda fungu la kura zilizoharibika."

Chaki nikaiweka mezani.

"Kwa hiyo ile yangu ya miaka mitano iliyopita..."

Karani alinishika bega. "Kituo chetu ziliharibika thelathini na saba. Nyingi zilikuwa hivyo hivyo. Mtu amekuja na hasira, akaiandika karatasi yote."

Nilikaa chini. Nilikuwa nimepanga foleni tangu alfajiri, miguu ikavimba. Miaka mitano nimejivunia kura ambayo haikuhesabiwa. Na sasa nilikuwa naiharibu ya mwanangu kabla hajaipiga!

"Sasa tufanyeje, mama mdogo?" binti yangu akamuuliza.

"Alama moja, ndani ya kisanduku cha unayemtaka. Wengine usiwaguse. Usiandike jina lako, wala tusi. Ukikosea, usitumbukize. Irudishe kwa msimamizi, omba nyingine. Si aibu, ni haki yako."

"Na Miwani nisimguse hata kidogo?" mume wangu aliuliza.

"Hata kwa ukucha, baba."

Siku nne tulifanya mazoezi pale mezani. Alama moja, basi. Mkono wangu ulikuwa unaruka kwenda kwenye kosa, nami naurudisha.

Siku ikafika! Foleni ilizunguka jengo. Binti yangu alikuwa mbele yangu. Aliingia kwenye kijichumba cha kupigia kura, nikawa natazama viatu vyake chini ya pazia. Akatoka. Uso ulikuwa umebadilika. Karatasi mkononi, akalipita sanduku!

"We binti, sanduku lile!" mtu mmoja akasema.

"Watoto wa siku hizi!" akadakia mwingine.

Moyo ulinidunda kama cherehani kibovu. Alikwenda moja kwa moja kwa msimamizi.

"Nimekosea. Naomba nyingine."

Msimamizi akaichukua ile, akaiweka kando, akampa mpya. Akarudi ndani. Akatoka, akatumbukiza. Aliponipita akaninong'oneza, "Mkono ulikwenda wenyewe, mama."

Kigelegele kilinijaa mdomoni. Nikakibana kwa kiganja.

Jioni matokeo yakabandikwa mlangoni pa kituo. Ndugu wawili wakapenya kwenye umati, mimi nyuma yao. Kofia mia mbili na kumi na mbili. Miwani mia mbili na tisa. Zilizoharibika, nne tu.

Mume wangu akaruka juu. Shemeji akabaki anaikodolea macho ile karatasi.

"Kura tatu, kaka! Tatu tu! Hao ni watu wa chumba kimoja cha kushonea."

Mume wangu akatulia. "Sasa fikiria zile thelathini na saba, mdogo wangu."

Hapo ndipo waliposemeshana.

Siku mbili baadaye, kura za nchi nzima zikampa Miwani. Kwetu kila mmoja alishinda, na kila mmoja alishindwa. Wamegeuza vyerehani, sasa wanatazamana. Bado wanabishana, lakini mkasi unapita mkono kwa mkono.

Ile karatasi ya mazoezi yenye alama moja nimeibandika dirishani. Wateja huniuliza ni mtindo gani mpya wa gauni. Nami huwaambia, "Keti kwanza, mwenzangu, nikuonyeshe. Usije ukaipoteza kura yako kama nilivyoipoteza yangu."