Maji ya Wodi ya Wazazi

"Wifi, mimi pipa jingine sijazi," alisema dada wa mume wa Mama Ndoo, akaketi juu ya ndoo aliyoipindua, kana kwamba amelipia kodi ya mahali pale. "Kama ni wageni, waje na maji yao."

Mama Ndoo alimimina maji pipani kwanza, kisha akamwambia kwamba uvivu haujawahi kumzalisha mtu. Wifi akajibu kuwa yeye amezaa watoto wake wote humu, na kila mmoja alimbebea maji mwenyewe, tumbo likiwa mbele na ndoo juu.

Walikuwa wakigombana tangu alfajiri, nje ya wodi ya wazazi. Ndani, binti wa Mama Ndoo alikuwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Bomba la wodi lilikuwa limekauka zamani, tangu pampu ilipokufa. Kwa hiyo jamaa za wagonjwa walichota maji kisimani, ng'ambo ya barabara, wakajaza mapipa. Mama Ndoo ndiye aliyepanga zamu. Hata asipokuwa na mgonjwa alikuja. Mgongo ulimuuma mpaka akawa anaamka kwa kushika ukuta, lakini jina lile walilompa alilivaa kama cheo.

Siku hiyo wageni wa halmashauri walikuwa wanakuja kukagua wodi kabla ya kujadili bajeti. Mama Ndoo alitaka mapipa yafurike na sakafu ing'ae. Mgeni hapokelewi kwenye nyumba chafu.

"Mwaka jana uliniambia hayo hayo," wifi alisema. "Wakaja, wakatusifu, wakaondoka. Sifa hazinawishi mikono."

Muuguzi mkuu wa wodi, ambaye wote walimwita Sista, alitoka nje. Alikuwa amekesha, na macho yake yalikuwa mekundu. Mama Ndoo alimuuliza habari za binti. Sista akasema bado, ila anaendelea vizuri. Hapo Mama Ndoo akamshtakia uvivu wa wifi yake, akitegemea kuungwa mkono.

Sista aliegemea ukuta. "Mama, nitakuambia jambo, usikasirike. Mwaka jana tuliomba pampu. Wageni wakafunua mapipa, wakakuta yamejaa. Wakasema hapa maji yapo. Fedha zikaenda kujenga uzio."

Mama Ndoo aliweka ndoo chini. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyewanyima pampu?"

"Sote. Mimi mwenyewe nilipiga deki."

Sista akamweleza mambo yalivyo. Fedha za hospitali ya umma hutoka kwa watu. Sehemu ni kodi, hata ile iliyomo kwenye bei ya sabuni. Sehemu ni malipo ya wagonjwa dirishani. Zikikusanywa zote bado hazitoshi. Kila mwaka wodi zinazigombea, na shida iliyofunikwa hupitwa. Lakini wananchi nao wana nafasi. Wana wajumbe wao kwenye bodi ya hospitali, na kikao cha bajeti kiko wazi kwa mtu yeyote. Kingeanza ukumbini mara tu ukaguzi ukiisha. Viti vya wananchi hukaa vitupu miaka nenda rudi.

Mama Ndoo akamuuliza kwa nini hasemi yeye.

"Nimesema mpaka nimechoka. Mimi ni mtumishi tu. Ninyi ndio wenye hospitali."

"Basi tuyamwage," wifi alisema, akiinuka. "Wakute pakavu."

Sauti ya binti akiugulia ilisikika kutoka ndani. Mama Ndoo akasimama mbele ya mapipa.

"Simwagi hata kikombe. Mwanangu atazalia nini? Maji yabaki. Uongo ndio uondoke."

Wageni walifika wakiwa na mganga mkuu wa hospitali. Afisa mipango, kijana aliyenyoosha shati vizuri, alifunua pipa, akatabasamu, akaanza kuwapongeza. Mama Ndoo alimkatiza.

"Baba, hayo hayakutoka bombani. Tumeyabeba vichwani. Hebu fungua bomba."

Afisa alimtazama mganga mkuu. Mganga mkuu akatazama viatu vyake. Bomba lilipofunguliwa lilikohoa upepo, likanyamaza. Mama Ndoo akaeleza kwamba mvua ikinyesha njia ya kisimani huteleza, na wabebaji wakichelewa Sista huzalisha akinawa kwa kikombe. Afisa akasema watalifanyia kazi. Neno hilo Mama Ndoo alikwisha kulisikia mara nyingi, likamchosha kuliko ndoo.

Aligeuka kumtazama binti yake kupitia mlangoni. Kikao ukumbini kilikuwa kinaanza, naye hakutaka kumwacha. Wifi akaokota ndoo aliyokuwa ameikalia.

"Nenda wewe mwenye mdomo," alisema. "Mimi shangazi yake nitambebea maji. Na usirudi na sifa."

Mama Ndoo alikwenda moja kwa moja ukumbini, akakaa kiti cha mbele. Wasemaji walikuwa wengi, na usingizi ulimvuta. Zamu yake ilipofika alisema maneno yale yale, bila kuongeza chumvi. Mjumbe mmoja akamuuliza mganga mkuu kama ni kweli. Safari hii mganga mkuu alisimama, akasema ni kweli, na kwamba walikosea kuficha. Wajumbe wakabishana kidogo. Kisha wakakubaliana kwamba kibanda cha magari kilichokuwa kwenye bajeti kisubiri mwaka mwingine.

Wifi akatokea mlangoni, kanga yake imelowa mpaka magotini. Akaonyesha kwa mikono: mtoto amezaliwa, mama na mtoto wazima.

Mama Ndoo alifumba macho, akayafumbua. Watu waliokaa jirani walimpisha apite aende kwa mjukuu wake. Akawaambia wangoje kidogo. Akanyoosha mkono tena, akamwomba karani asome kilichoamuliwa, kwa sauti, wote wasikie.

Karani akasimama, akasoma: pampu ya wodi ya wazazi inunuliwe kwanza, kabla ya kitu kingine chochote.

Ndipo Mama Ndoo akainuka.